Mipaka ya dola la anga: tunachora mstari, njia au muda?

#1 Mchora Usiku
Wakuu, habari za jioni.
Nina dola la kubuni: wanadamu mwaka 2600, mifumo 48 ya nyota, yote ndani ya miaka ya nuru 20 kutoka Jua. Nyota ni za kweli, siasa ndiyo nimetunga. Kuna pande tatu: Dunia na jirani zake, Muungano wa Ceti, na walowezi wa Sirius na Procyon. Nimezipaka rangi kama ile ramani ya ukutani darasani, kila nchi na mstari wake. Sasa kila nikiitazama naona uongo mtupu. Mfano: 61 Cygni na Epsilon Indi zimekaa bega kwa bega, miaka ya nuru 3 tu, nami nimeshaandika vita vizima vya mpakani kati yao.
Hoja yangu: mpaka wa anga hauchoreki kwenye karatasi. Bishaneni.

#2 Fundi Jedwali
Vita vyako vimekufa kabla risasi haijalia, pole. Umedondosha kimo. 61 Cygni iko kaskazini ya anga, Epsilon Indi iko kusini kabisa. Zigeuze ziwe x, y, z kwa miaka ya nuru:

61 Cygni: 6.5, -6.1, 7.1
Epsilon Indi: 5.7, -3.2, -9.9

Ukiangalia x na y peke yake, ndiyo, ni 3. Lakini z inatofautiana kwa 17. Umbali wa kweli ni 17.3. Jeshi lako linavuka nusu ya dola kwenda kumpiga "jirani".

Kwa wanaoanza: ra ni kama longitudo ya anga, dec ni kama latitudo, d ni umbali.
x = d × cos dec × cos ra
y = d × cos dec × sin ra
z = d × sin dec

Makosa ni yaleyale kila mara:
- Programu za jedwali hukokotoa cos kwa radiani. Usipogeuza digrii kwanza unapata namba zinazofanana na ukweli, ndiyo maana hushtuki.
- ra ikiandikwa kwa saa, zidisha kwa 15 upate digrii. Orodha ya nyota ya HYG inaiandika kwa saa, ile ya darubini ya angani Gaia inaiandika kwa digrii. Ukichanganya mbili hizo bila kugeuza, nyota za HYG zote zinajazana kipande kimoja cha anga.
- dec hasi. Tau Ceti ni -15°56′. Hiyo ni -15.93, siyo -15 ukaongeza 0.93 ukapata -14.07. Alama inabeba dakika pia. Kosa hilo linaisogeza z kutoka -3.27 hadi -2.90.
- Kwenye HYG, nyota yenye umbali 100000 haina umbali. Futa mstari wote.

Data kamili chukua Gaia, ina nyota zote na paralaksi safi (ule mhamo mdogo wa nyota unaotumika kupima umbali).

#3 Chogo
Naweka kigoda hapa. Mtu kaandika vita vizima, kauawa na kosaini.

#4 Kipimo
Fundi, hapo mwisho umeteleza. Gaia haina nyota zote. Nyota angavu mno zilizidi uwezo wa vihisio vyake: Sirius A haimo, Alpha Centauri A na B hazimo. Kwa ramani ya jirani yetu hizo ndizo miji mikuu, ukizikosa umekosa kila kitu. Kwa nyota angavu rudi kwenye Hipparcos, orodha ya satelaiti iliyorushwa 1989, yenye nyota takriban 118,000. Namba zake zimo tayari ndani ya HYG. Kwa zilizofifia tumia orodha ya Gaia ya nyota za karibu, vitu 331,312 ndani ya parseki 100.

Umbali kwa parseki ni 1 gawa kwa paralaksi ya sekunde za tao, kisha zidisha kwa 3.26 upate miaka ya nuru. Proxima ina 0.768, basi parseki 1.30, sawa na miaka ya nuru 4.25. Ukikuta paralaksi hasi usiigawe, ni kelele ya kipimo.

Na uunganishe nyota pacha. Orodha huzihesabu mbalimbali, kwa hiyo 61 Cygni itakuja mara mbili. Kanuni nzuri ni kuunganisha chochote kilicho ndani ya 0.3 ya mwaka wa nuru. Hapo Proxima inaingia ndani ya Alpha Centauri, maana iko 0.2 tu.

#5 Fundi Jedwali
#4 nimekubali, asante. Ila Proxima ningeiacha peke yake. 0.2 ni vipimo 13,000 vya Dunia hadi Jua, nuru inatembea siku 75. Gavana wa Proxima akiasi leo, Alpha Centauri A inajua baada ya miezi miwili na nusu. Hiyo ni wilaya nyingine kabisa.

#6 Nahodha Kusi
Nyote mnapima umbali, na swali lilikuwa la mpaka. Tazameni neno lenyewe. Kwa Kiswahili mpaka ni alama ya shamba, na mpaka ni "hadi". Hadi wapi amri inafika ikiwa bado ina maana?

Pwani hatukuhesabu safari kwa maili. Tulihesabu kwa pepo. Kaskazi ikivuma, Disemba hadi Machi, jahazi la Maskati linashuka Unguja wiki tatu nne. Likikosa kusi ya kurudia, linakaa hadi mwaka unaofuata, kilometa ni zilezile. Kwa hiyo kwa baharia Maskati haina umbali mmoja, ina umbali wa kila mwezi.

Mchora, kabla ya kupaka rangi, tuambie vyombo vyako vinaendaje. Bila hilo ramani yako ni pambo.

#7 Binti Bara
Nakazia #6. Hakuna mpaka bila chombo.

#8 Mchora Usiku
Haya, nilisahau. Vyombo vinaruka kutoka nyota hadi nyota, mruko mmoja usiozidi miaka ya nuru 7. Lazima uanzie na uishie karibu na kitu chenye uzito wa kutosha. Baada ya kila mruko, mwezi mmoja wa kuchaji. Habari zinabebwa na vyombo, hakuna redio ya kupita nuru.

#9 Fundi Jedwali
Basi umeshajibiwa na umbo la ramani yenyewe. Chora mstari kati ya kila jozi iliyo 7 au chini, futa nyingine zote, uone kilichobaki.

Kutoka Jua unafika Alpha Centauri (4.4) na Barnard (6.0). Sirius iko 8.6, hufiki. Wolf 359 iko 7.9, hufiki. Luyten 726-8 iko 8.7, hufiki. Tau Ceti 11.9, usahau. Kwa hiyo walowezi wako wa Sirius walifikaje huko? Kwa miguu?

Tau Ceti na Epsilon Eridani wao kwa wao ni 5.5, sawa, Muungano wa Ceti unashikana. Sirius na Procyon ni 5.3, sawa pia, ingawa kwenye ramani bapa zinaonekana 3.9. Tatizo ni jinsi Dunia inavyotoka nje ya uwanja wake.

#10 Kipimo
Anatoka kwa vibete vya kahawia, Fundi, vile vitu vilivyo kati ya sayari na nyota. HYG haina hivyo, imetengenezwa kwa orodha za zamani. Ongeza kwa mkono viwili hivi:

Luhman 16, iligunduliwa 2013, miaka ya nuru 6.5. x, y, z: -3.7, 1.2, -5.2
WISE 0855, iligunduliwa 2014, miaka ya nuru 7.4. x, y, z: -5.1, 5.3, -0.9

Sasa hesabu njia: Jua hadi Luhman 16 ni 6.5. Luhman hadi WISE 0855 ni 6.1. WISE hadi Sirius ni 4.7. Sirius hadi Procyon 5.3. Kila mruko uko chini ya 7. Na WISE 0855 hadi Wolf 359 ni 4.4 tu. Mlango wa upande ule wote ni vitu viwili ambavyo macho hayavioni, na kimoja ni baridi kama jokofu.

#11 Chogo
Kumbe vita vimehamia kwenye jokofu.

#12 Fundi Jedwali
Hiyo nzuri mno Kipimo, nimepiga hesabu upya, iko sawa. Na ona jinsi namba moja inavyogeuza siasa nzima. Mruko ukiwa 7, atakayeshika Luhman 16 ameshika koo la upande wa Sirius. Alpha Centauri iko 3.6 tu kutoka Luhman, kwa hiyo koo hilo lina mikono miwili inayolitaka. Mruko ukiwa 9, Jua linaruka moja kwa moja hadi Sirius, na upande wa pili linaruka hadi Luyten 726-8, ambayo iko 3.2 kutoka Tau Ceti. Luhman 16 inabaki makumbusho.

Kanuni ya jumla kwa wanaotunga: ndani ya parseki 10, hesabu ya 2021 ina mifumo 339. Hiyo ni mfumo mmoja kwa kila miaka ya nuru ya ujazo 430 hivi, na jirani wa karibu kwa wastani yuko 4 na kidogo. Kwa msongamano huo, mruko chini ya 6 unakupa visiwa visivyoonana. Ukipita 7 hivi karibu kila kitu kinaungana. Hadithi nzuri iko katikati, 6 hadi 7, ndipo milango inapokuwa michache. Ukiweka 15 huna tena mpaka, una uwanja wa mpira.

#13 Binti Bara
#12 hiyo ni Bagamoyo kabisa. Msafara ulikuwa kilometa 1,200 hivi, Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Atakayeshika Tabora ameshika pembe za ndovu. Kisha Wajerumani wakahamishia makao Dar es Salaam 1891, reli ya kati ikaanzia Dar na kufika Kigoma 1914. Bagamoyo haikushindwa vita, njia ndiyo ilihama.

Kwa hiyo Mchora, usichore nchi. Chora njia, na uzipe unene. Mstari mnene ni vyombo vingi kwa mwaka, mwembamba ni vichache, wa nukta ni wa magendo. Nafasi iliyo kati ya njia iache nyeupe, hakuna mtu huko. Ule msemo kwamba zumari likipulizwa Unguja wanacheza walioko Maziwa Makuu haukuwa na maana kwamba Sultani alikuwa na askari Maziwa Makuu. Bei ya Unguja ndiyo ilifika.

#14 Wakili wa Obiti
Mnasahau sheria. Mpaka siyo uwezo tu, ni madai. Mkataba wa Anga wa 1967, kifungu cha 2, unakataza taifa lolote kujitwalia anga, Mwezi au sayari. Dola la mwaka 2600 lazima liwe limeuvunja au limeuzunguka, na ramani ionyeshe lilivyofanya. Mtu anayeuzunguka mkataba husema "similiki sayari, namiliki eneo la usalama kuzunguka mtambo wangu". Basi unachora viduara kuzunguka mitambo, na mahali viduara vinapogusana ndipo wanasheria wanapokula.

Na madai ya anga siyo hadithi. Mwaka 1976 nchi za ikweta zilikutana Bogotá zikadai vipande vya mzingo wa satelaiti zinazosimama juu ya ikweta, kilometa 35,786. Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zilikuwemo. Digrii moja ya mzingo ule ni kama kilometa 736, basi Kenya yenye digrii 8 za longitudo ilikuwa ikidai tao la kilometa 5,900 hivi.

#15 Nahodha Kusi
Wakili, na nani alilinda tao hilo? Dai lisilo na chombo ni wimbo.

#16 Wakili wa Obiti
Wimbo unaingia kwenye katiba. Colombia waliandika kipande chao katika katiba ya 1991, kifungu cha 101. Madai yasiyolindwa ndiyo huzaa vita vya baadaye, kwa hiyo yachore. Tumia mistari ya mshazari, siyo rangi iliyojaa. Rangi iliyojaa ni "nashika", mshazari ni "nadai". Zikipandana unaonyesha eneo la mgogoro bila kuandika neno hata moja.

#17 Chogo
Wakoloni hawakuhitaji mshazari. Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro zawadi ya siku ya kuzaliwa, mstari ukapinda. Mchora weka na wewe mpaka uliopinda kwa sababu ya keki.

#18 Binti Bara
Chogo, hiyo ni hekaya ya walimu wa jiografia. Mstari umepinda kuuzunguka mlima kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886. Wilhelm, huyo mjukuu, alikuwa hajawa hata Kaisari, alikalia kiti 1888.

Lakini makubaliano yaleyale yana kitu kizuri kwa uzi huu. Sultani wa Zanzibar alitambuliwa ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda bara, hadi Kipini. Kaskazini zaidi hawakumpa hata ukanda. Walimpa miji: Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu kila mmoja na duara la maili kumi, Warsheikh duara la maili tano. Hiyo ni ramani ya anga tayari! Dola la viputo, bandari na nusu kipenyo, katikati hakuna kitu. Mwaka 1886.

#19 Mchora Usiku
#18 hii nimeinakili. Viputo vyenye ukubwa tofauti.

#20 Hesabu Tupu
Naingia kuharibu sherehe. Viputo na njia ni vizuri kwa hadithi, lakini msomaji atakuuliza: meli imekamatwa hapa, hapa ni kwa nani? Lazima kila nukta ya anga iwe na jibu. Njia ya kawaida ni Voronoi: kila nukta ni ya mji mkuu ulio karibu nayo kuliko mwingine. Moduli ya scipy ya lugha ya Python inafanya kwa vipimo vitatu bila shida.

Kinachoharibika: seli za pembeni zinabaki wazi na kwenda bila mwisho. Ukiona kipeo kina namba -1 ndiyo hiyo. Dawa ni kuzungushia nukta bandia, kama 200, juu ya tufe lenye nusu kipenyo 40, kisha unazifuta baada ya kukata.

Kama pande zina nguvu tofauti, achana na Voronoi, tumia vijisanduku. Gawa mchemraba wa 40 kwa 40 kwa 40 katika vijisanduku vya 0.5, unapata 512,000. Kwa kila kimoja hesabu muda wa kufika kutoka kila mji mkuu kati ya mitatu, mpe mwenye muda mfupi. Ni hesabu milioni moja na nusu, zinaisha chai haijapoa. Ambapo wa kwanza na wa pili wanatofautiana chini ya asilimia 10, paka kijivu. Mpaka wako ni huo ukanda wa kijivu. Mahali ni mwembamba, mahali umevimba kama uyoga.

#21 Kipimo
Ila kwa mruko wa Mchora vijisanduku havina maana, Hesabu. Chombo hakiwezi kusimama katikati ya anga tupu, amesema #8. Meli itakamatwa nyotani au haitakamatwa. Nukta zisizo na nyota hazina mwenyewe, na hakuna atakayeuliza.

#22 Hesabu Tupu
Anayesafiri bila kuruka je? Mkimbizi wa chombo cha polepole? Huyo ndiye anayehitaji sheria ya katikati.

#23 Nahodha Kusi
Sasa mmefika kwenye hoja yangu ya muda. Tuseme hakuna miruko kabisa, chombo kinasukuma kwa uvutano mmoja wa Dunia, nusu ya njia kinaongeza mwendo, nusu kinapunguza. Jua hadi Alpha Centauri: miaka 6.0 kwa walio nyumbani, 3.6 kwa walio chomboni. Jua hadi Tau Ceti: miaka 13.7 nyumbani, 5.1 chomboni. Ramani ipi unaichora, ya nyumbani au ya chomboni? Kwa mtoza ushuru aliye Duniani Tau Ceti iko mbali zaidi ya mara mbili. Kwa baharia siyo hata mara moja na nusu. Mtu anayesafiri na mtu anayetawala wana mipaka tofauti ya dola lilelile.

Na habari: ghasia za Tau Ceti zinasikika Duniani baada ya miaka 11.9, jibu linafika baada ya 23.8. Mtoto aliyezaliwa siku ya ghasia ameshaoa. Chora miduara ya muda wa jibu: mwaka 1, miaka 5, 10, 25. Ndani ya duara la mwaka mmoja unatawala. Ndani ya miaka 10 unateua gavana na kumwomba Mungu. Nje ya hapo unatuma salamu.

#24 Wakili wa Obiti
Warumi na Waingereza walitawala kwa miezi ya kuchelewa. Gavana mwenye hati ya mamlaka hahitaji jibu. Duara lako linapima urahisi, halipimi mamlaka.

#25 Nahodha Kusi
Miezi, ndiyo. Siyo miaka 24.

#26 Karani wa Mirihi
Nyote mko nje mno. Mpaka mgumu kuliko yote uko ndani ya mfumo mmoja, kwa sababu vitu vinatembea. Dunia na Mirihi zinakaribiana hadi kilometa milioni 55 na kuachana hadi milioni 400. Redio dakika 3, kisha dakika 22. Dirisha la safari linafunguka kila siku 780, na safari ya kubana mafuta inachukua siku 259. Asteroidi mbili zilizo jirani leo, baada ya miaka michache moja iko nyuma ya Jua. Ukipaka rangi eneo la ukanda wa asteroidi, rangi itamwagika.

Ndani ya mfumo usichore mahali, chora mabadiliko ya mwendo. Kutoka ardhini hadi mzingo wa chini wa Dunia ni kama kilometa 9.4 kwa sekunde. Kutoka hapo kuelekea Mwezini 3.1, kuelekea Mirihi 3.6. Kwa tanki la mafuta, Mirihi iko hatua moja tu baada ya Mwezi! Ramani ya namba hizo haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ndiyo unayoweza kuiwekea mipaka. Inafanana na ramani ya mabasi ya mwendokasi, vituo na namba kati yake, mwelekeo haujali kitu.

#27 Chogo
Kituo kinachofuata, Mshtarii. Shikilieni mabomba.

#28 Kipimo
Nyota nazo zinatembea, Karani, polepole tu. Barnard inakuja kwetu kwa kilometa 110 kwa sekunde, na mwendo wake wote, pamoja na wa pembeni, ni kama 142. Kwa miaka 500 inasogea robo ya mwaka wa nuru tu, basi ramani ya 2600 haihitaji kuguswa. Lakini anayetunga hadithi ya miaka 10,000 mbele lazima asogeze, vinginevyo mruko wake wa 7 unakatika na yeye hajui. Data ya Gaia ni ya nafasi za mwaka 2016, hapo ndipo pa kuanzia kuhesabu.

Na swali la kaskazini iko wapi: kwa ramani ya miaka ya nuru 20 tumia mhimili wa Dunia, data inakuja hivyo. Ukivuka 1,000 geuza uende kwenye bapa la galaksi, limeinama digrii 62.9 kutoka ikweta yetu.

#29 Mchora Usiku
Asanteni sana. Swali la mikono: karatasini naonyeshaje kimo?

#30 Fundi Jedwali
Vijiti. Kipimo sentimita 1 kwa mwaka wa nuru, A2 inatosha: 40 zinakaa ndani ya upande wa 42. Chora gridi iliyolala, kila nyota isimame juu ya kijiti chake. Juu ya gridi mstari kamili, chini ya gridi mstari wa vipande, namba ya z kwenye ncha. Vijiti vikizidi 50 ni msitu, hapo kata vipande: z -20 hadi -10, -10 hadi 0, na kuendelea, ramani nne. Njia inayovuka kipande iwekee alama ya pembetatu na namba ya kipande inakokwenda.

Pia andika urefu wa kweli juu ya kila njia. Jicho linapima karatasi hata ukilikataza.

#31 Binti Bara
Mimi bado nasema njia kwanza, nyota zipange zisomeke. Harry Beck aliifanyia London hivyo kwa treni zake, ikachapishwa 1933, na hakuna aliyepotea kwa sababu ya mto kunyooshwa.

#32 Hesabu Tupu
Abiria hawapigani vita. Jenerali akitumia ramani ya Beck ataagiza kikosi 61 Cygni kikamsaidie Epsilon Indi "jirani".

#33 Binti Bara
Kwenye ramani ya njia jozi hiyo haina mstari, kwa hiyo haagizi. Ramani yako ya rangi ndiyo ingemdanganya.

#34 Mchora Usiku
Nimeanza upya. Karatasi ya kwanza ni njia tu, mruko 7, unene kwa idadi ya vyombo. Ya pili ni viputo vya mamlaka, nusu kipenyo kwa muda wa jibu: kijivu pale pande mbili zinapokaribiana, mshazari kwa madai. Vita vya 61 Cygni nimevifuta, vimehamia Luhman 16.

#35 Kipimo
Vizuri. Luhman 16 ni viwili, kibete A na kibete B. Umempa nani kipi?

#36 Mchora Usiku
...naomba dakika.

#37 Chogo
Wakili, amka, una kazi.